Kwa nini mitandao ya kijamii iliyogatuliwa imebaki kuwa ya watu wa aina moja?

#1. Mleta uzi, Mbeya

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mbeya.

Mara kwa mara naona watu hapa wakihimizana kuhamia mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, yaani ile isiyo na mmiliki mmoja, inayoundwa na seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi akaunti na ujumbe) zinazoendeshwa na watu mbalimbali na kuunganishwa na itifaki ya pamoja, yaani kanuni zinazoziwezesha kuwasiliana. Hoja zao ni nzito na ninaziunga mkono, kwa kuwa haifai mtu apoteze marafiki, wateja na kumbukumbu zake za miaka mingi kwa sababu tu kampuni moja ya California imeuzwa au imebadili masharti. Swali linalonisumbua ni jingine. Mastodon ilianzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, na ActivityPub, itifaki inayoiunganisha na mitandao mingine ya aina yake, ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuwa kiwango rasmi Januari 2018. Miaka yote hiyo imepita, na bado ukiingia humo unakutana zaidi na watengeneza programu, wanataaluma na waandishi wa Ulaya na Marekani. Mkulima wa parachichi wa Rungwe hayumo. Dereva anayesubiri foleni ya malori pale Tunduma hayumo, wala muuza mitumba wa Mwanjelwa. Hata mwanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, ambaye simu haimtoki mkononi, hayumo, labda awe anasomea kompyuta.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mitandao hiyo ni migumu kutumia. Naliona jibu hilo kuwa pungufu, tena lina dharau ndani yake, kwa sababu watu hao hao wanaodhaniwa kushindwa ndio wanaotuma na kupokea fedha kila siku kwa kupita menyu ndefu za nambari kwenye simu ya kitochi. Ninavyoona mimi, mitandao iliyogatuliwa ilijengwa ikimngojea mtu mmoja mmoja anayekuja kwa uamuzi wake mwenyewe, ilhali watu walio wengi huingia mtandaoni, na huhama mtandaoni, wakiwa kundi, wakimfuata mtu wanayemjua. Kundi hilo linapofika, hukuta desturi zilizowekwa na waliotangulia, na mara nyingi waliotangulia hawakuwa na kundi hilo akilini.

Tuanze na mlango. Kwa miaka mingi Mastodon ilimtaka mgeni achague seva kabla hajamjua mtu yeyote aliye ndani. Mwaka 2023 programu yake rasmi ilianza kumwelekeza mgeni kwenye seva ya mastodon.social bila kumsumbua na uchaguzi huo, na hilo limesaidia kiasi. Lakini bado anatakiwa kuwa na barua pepe, na huku kwetu barua pepe ya mtu mara nyingi ilifunguliwa na fundi simu siku ile simu iliponunuliwa. Mwenyewe haijui nywila yake, na hana sababu ya kuijua. WhatsApp inataka namba ya simu tu, na ukishaiweka unawakuta shangazi, mwenyekiti wa kikoba na mnunuzi wa viazi wamekwisha kukusubiri ndani. Ukimaliza kujisajili kwenye mtandao uliogatuliwa, kinachokukaribisha ni ukurasa mtupu, na kazi ya kuujaza ni yako.

Kisha kuna suala la bando, ambalo wenzetu wa Ulaya hulipita bila kuliona. Facebook ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2009. Januari 2014 kampuni ya Tigo ilianza kuwapa wateja wake wa Tanzania Facebook bila malipo, tena kwa Kiswahili, na Oktoba mwaka huo huo huduma ya Internet.org ikaingia nchini kupitia kampuni hiyo hiyo. Kwa watu wengi wa vijiji vya Mbozi, Kilolo au Makete, Facebook ndiyo iliyokuwa intaneti yenyewe. Sisemi hivyo kwa kuisifu, maana mpango ule uliipa kampuni moja mamlaka ya kuamua mtu maskini aone nini. Nasema tu kwamba upande ule kulikuwa na taasisi yenye fedha ya kukaa mezani na kampuni ya simu, na upande wa mitandao iliyogatuliwa hakuna anayeweza kukaa kwenye meza hiyo, kwa sababu hakuna mwenye mtandao. Sifa yake kuu ndiyo inayoinyima mjumbe.

Sasa tutazame watu walivyohama kweli, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapojieleza vizuri zaidi.

Aprili 2017 kampuni ya Pixiv ya Japani, yenye jumuiya kubwa ya wachoraji, ilifungua seva yake ya Mastodon iitwayo Pawoo. Kwa muda mfupi Wajapani wakawa sehemu kubwa sana ya watumiaji wa Mastodon duniani, kwa kuwa jumuiya yao ilikuwapo tayari na ilihama kwa pamoja. Novemba 2019 Wahindi wengi walijiunga baada ya Twitter kuifungia akaunti ya wakili maarufu Sanjay Hegde, lakini walikuja kwa hasira ya wiki moja, bila taasisi ya kuwapokea, na walio wengi wakarudi walikotoka. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na ndani ya wiki chache watumiaji hai wa Mastodon kwa mwezi wakapanda hadi kufikia takriban milioni 2.5, lakini miezi michache baadaye idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 1.5. Linganisheni na Threads ya Meta, iliyofunguliwa Julai 2023 na kupata watu milioni 100 katika siku 5, kwa sababu mtu aliingia kwa akaunti yake ya Instagram na kuja na watu wake wote.

Mfano wa Brazili ndio unaonifundisha zaidi. X, jina jipya la Twitter, ilipozuiwa huko tarehe 30 Agosti 2024 kwa amri ya Jaji Alexandre de Moraes, Wabrazili zaidi ya milioni mbili waliingia Bluesky katika siku chache. Bluesky ilianza kama mradi wa Twitter uliotangazwa na Jack Dorsey, mkuu wake wakati huo, mwaka 2019, na ilikuwa imefungua milango kwa watu wote Februari 2024. Wakaipata ikiwa na mlango mmoja, bila swali la seva. Tena tangu Juni mwaka huo ilikuwa na orodha za kuanzia, ambapo mgeni hubonyeza mara moja na kuwafuata watu wote wa kundi fulani, wawe mashabiki wa timu moja au walimu wa somo moja. Kundi lilipokelewa kama kundi. Wakosoaji watasema, na wana haki, kwamba Bluesky imegatuliwa kwenye karatasi zaidi kuliko katika maisha yake, kwa kuwa karibu watumiaji wote wanakaa kwenye seva za kampuni ile moja. Huo ndio mkanganyiko ninaotaka tuujadili: mtandao uliofanikiwa kupata watu wa aina mbalimbali ni ule ulioficha ugatuzi wake.

Lakini mlango ukishapitwa, kuna jambo la pili, nalo naliona kuwa zito kuliko la kwanza.

Mwishoni mwa mwaka 2022, Wamarekani Weusi waliohamia Mastodon walisimulia kwa wingi jambo la kufanana. Walipoandika kuhusu ubaguzi wa rangi unaowapata, wenyeji waliwataka wayafiche maandishi yao nyuma ya onyo, ili wasomaji wengine wasisumbuliwe. Onyo hilo lilibuniwa kwa nia njema, kwa ajili ya watu waliopitia mateso na ambao hawakutaka kukumbushwa bila kutaka. Ila lilipotumiwa dhidi ya mtu anayesimulia maisha yake ya kila siku, lilimwambia kwamba maisha yake yenyewe ni kero. Mwanafalsafa Johnathan Flowers, ambaye mwenyewe ni Mmarekani Mweusi, alilieleza jambo hili kwa ufasaha wakati ule: kwamba desturi za Mastodon ziliumbwa na Wazungu walioanza nayo, nao wakazichukua kuwa adabu ya kawaida ya binadamu wote.

Hata vifungo vya programu vilibeba desturi hizo. Kwa miaka mingi Mastodon ilikataa kwa makusudi kumruhusu mtu anukuu andiko la mwingine na kuongeza neno lake juu, kwa hoja kwamba uwezo huo huzaa matusi na uchochezi. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, kwa watu wanaozungumza kwa kuitikiana, mmoja akitoa kauli na wengine wakiibeba na kuiongezea, kunukuu ndiyo mazungumzo yenyewe. Vivyo hivyo utafutaji wa maneno ulizuiwa kwa muda mrefu kwa kuhofia wanyanyasaji, hadi mwaka 2023 ulipowezeshwa kwa wanaoridhia maandiko yao yaonekane. Fikirieni maana yake kwa mtu anayetafuta waandishi wa Kiswahili: anaandika neno, hapati kitu, anaamini hakuna mtu. Ulinzi uliowekwa kwa ajili ya waliotangulia uliwafanya wageni wasionane.

Namalizia na kwetu. Mei 2025 X ilipozuiwa hapa nchini, sikuona kundi lolote la huku Nyanda za Juu Kusini likihamia Mastodon wala Bluesky. Waliotaka kuendelea walitafuta VPN, yaani programu za kupita kizuizi, licha ya tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) la Oktoba 2023 lililowataka wanaozitumia wajiorodheshe. Na walio wengi hawakuguswa, kwa kuwa biashara, misiba, harusi na siasa zao ziko kwenye magrupu ya WhatsApp. Tuliwekwa katika hali inayofanana na ya Brazili, na matokeo yakawa tofauti kabisa. Ningependa kusikia wenzangu mnaielezaje tofauti hiyo.

#2. Mwanajukwaa, Mafinga

Mkuu mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru. Naomba niongeze kuhusu fedha, kwa sababu mimi ni mfanyabiashara wa mbao na ndivyo ninavyoyatazama mambo.

Umesema watu huhama kwa makundi, nami nakubali, lakini kundi halihami bila soko kuhama. Mnunuzi wangu wa Dar es Salaam ananitumia vipimo vya mbao kwa WhatsApp, tunabishana bei hapo hapo, namtumia video ya mzigo ukipakiwa, naye anatuma fedha. Nikimwambia ahamie mahali ambapo mimi tu ndiye nipo, atanunua kwa mwingine. Hao watengeneza programu uliowataja waliweza kuhama kwa sababu mshahara wao haukutegemea wafuasi wao wahame nao. Sisi wenye wateja mtandaoni hatuna uhuru huo, na nadhani tofauti hii ya kipato ina uzito kuliko desturi ulizozieleza kwa kirefu.

Jambo la pili ni gharama ya kuwa mwenyeji. Tunaambiwa kwamba kama hatupendi seva za Wazungu tuanzishe zetu. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na majukwaa wapate leseni ya TCRA, na jumla ya ada ilifikia takriban shilingi milioni 2.1. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, lakini mtu anayefungua seva ya watu mia mbili huku Mufindi bado anapaswa kujiuliza kama naye ni mtoa huduma ya maudhui, na kama atawajibika kwa andiko la mtu ambaye hajawahi kumwona. Mjerumani anaweza kuifanya kazi hii jioni baada ya kazi na kuomba wanachama wamchangie euro mbili tatu. Hapa inakuwa ni kuchukua hatari peke yako kwa faida ya wengine.

#3. Mwanajukwaa, Iringa

Kaka mleta uzi, pamoja na ndugu yetu wa Mafinga, shikamooni kwa mliotangulia umri.

Mimi ni mwalimu hapa Iringa, na ninawaunga mkono katika mengi. Lakini ninyi nyote mnazungumza kana kwamba kupata seva yetu wenyewe, inayoendeshwa na mtu wetu, ni jambo ambalo kila mmoja angelipokea kwa furaha. Kwa mwanamke sivyo ilivyo.

Ujumbe wa faragha kwenye Mastodon haujafungwa kwa namna ya kumzuia mwenye seva asiusome. Anayeiendesha ana uwezo wa kiufundi wa kuuona. Katika mji wa Dar es Salaam huenda usimjue mtu huyo. Iringa mjini nitamjua: atakuwa amesoma na kaka yangu, au anasali kanisa moja na mama mkwe. Kampuni iliyo mbali inanichunguza ili iniuzie matangazo, na hilo silipendi hata kidogo, lakini haiwezi kukutana na mume wangu sokoni ikamsimulia niliyoyaandika. Wanaosema kwamba seva ndogo ya jirani ni salama kuliko kampuni kubwa wanaamini kwamba ujirani ni kinga, ilhali kwa wasichana wengi ninaowafundisha jirani ndiye wanayemhofia kwanza. Nikiripoti kwamba ninatukanwa, na anayenitukana ni rafiki wa msimamizi, nitakwenda kwa nani?

Kuhusu lugha, nawakumbusha kwamba hata Twitter, pamoja na utajiri wake wote, kwa miaka mingi ilikidhania Kiswahili kuwa Kiindonesia, mpaka watumiaji walipopiga kelele mwaka 2018 ikakitambua. Kampuni ilikuwa na mlango wa kupigia kelele. Msimamizi wa kujitolea aliye Uholanzi, anayepokea ripoti ya tusi la Kiswahili lililofichwa katika fumbo, hana hata kamusi ya kulielewa, na hatuna haki ya kumlaumu, kwa kuwa halipwi.

#4. Mleta uzi, Mbeya

Nawashukuru sana. Mmeyasogeza mazungumzo mbali kuliko nilivyoyaanzisha.

Mkuu wa Mafinga, nakubaliana nawe kwamba uhuru wa kuhama ni mali ambayo wengine wanayo na wengine hawana, na ndiyo maana nadhani si busara kuendelea kumhubiria mtu mmoja mmoja ahame. Swali lingekuwa ni kundi gani huku kwetu ambalo soko lake lote linaweza kuhama pamoja. Nafikiria vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa wa Mbozi na Mbinga, ambako mkulima, kiongozi wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) na afisa ugani wote wanafahamiana, wana daftari la wanachama, wana mikutano, na wana sababu ya kutunza kumbukumbu za bei na mzigo mahali ambapo hapatapotea simu ya katibu ikiibiwa. Huko kundi lipo tayari, kama lilivyokuwapo la wachoraji wa Pixiv. Kilichokosekana ni mtu wa kulipokea.

Kuhusu leseni na hatari ya kuwa mwenyeji peke yako, umegusa penye uchungu. Hata wenye uwezo hushindwa: Mozilla, taasisi kubwa inayojulikana kwa kivinjari chake, ilifunga seva yake ya mozilla.social Desemba 2024. Seva ya mtu mmoja anayejitolea hufa akichoka, akiugua au akigombana na watumiaji wake. Kwa hiyo sioni seva ya kudumu huku bila chuo, redio jamii au chama cha ushirika kuibeba kwa jina lake, chenye wanasheria wa kuulizwa na bajeti ya kulipa umeme.

Dada wa Iringa, hoja yako ndiyo iliyonikalia moyoni kuliko zote, na sijaisikia ikitolewa na wahamasishaji wa mitandao hii popote. Waliojenga ugatuzi walimwogopa mwenye nguvu aliye mbali, kwa sababu wao ndiye aliyewasumbua. Hawakumfikiria mtu ambaye mwenye nguvu wake anaishi nyumba ya tatu. Hii ni sababu ya moja kwa moja ya mitandao hiyo kukosa wanawake wa miji midogo, na haiponi kwa kurahisisha usajili.

Kuna njia moja ninayoiona kuwa ya kufikiriwa. Mwaka 2023 Rudy Fraser alianzisha Blacksky ndani ya Bluesky, akianza na mkondo wa maandiko ya watu Weusi, kisha huduma ya kusimamia maudhui inayoendeshwa na jumuiya yenyewe, bila kulazimika kumiliki seva tangu siku ya kwanza. Anayehifadhi ujumbe na anayeamua kuhusu matusi wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Kwa mfano wako, data za walimu wa Iringa zingeweza kukaa mbali, kwa mtu asiyewajua, na uamuzi wa lipi ni tusi la Kiswahili ungefanywa na jopo la watu wanaokijua, waliochaguliwa kutoka mikoa kadhaa ili mlalamikaji asihukumiwe na rafiki wa anayelalamikiwa. Ningependa jopo hilo liwe na wanawake wengi kuliko wanaume, na naamini lisipokuwa hivyo hakuna haja ya kulianzisha.

Naomba tuendelee kwa mambo mawili. Mwenye uzoefu wa kuongoza AMCOS atueleze ni kumbukumbu zipi ambazo chama kimewahi kuzipoteza kwa sababu zilikuwa kwenye grupu la mtu mmoja. Na mwanasheria yeyote aliyemo humu atusaidie kuelewa kama chama cha ushirika kinachowafungulia seva wanachama wake tu, bila kuruhusu umma kujisajili, kinahesabiwa kuwa mtoa huduma ya maudhui kwa mujibu wa kanuni zinazotumika sasa.